Ploti ya Tisa

Naandika haya nikiwa mzima, alhamdulillahi. Nimeanza na hilo kwa sababu kuna wakati sikudhani ningeweza kuandika hata jina langu, seuze kisa hiki. Kuna hori moja kwetu, kusini mwa pwani ya Kenya, kati ya Msambweni na Vanga, ambalo mpaka leo nikilitaja vidole huingia baridi. Sitalitaja. Wa kwetu watalijua. Wewe usiye wa kwetu, jua tu kwamba maji yakijaa mikoko yake husimama ndani ya bahari hadi kiunoni, na yakipwa hubaki matope meusi na vijikaa vya gando moja kubwa.

Nakuandikia hasa wewe uliye katikati ya jambo sasa hivi, unayeamka saa tisa ya usiku ukahesabu boriti za dari. Mimi nilizihesabu zetu. Zilikuwa kumi na saba.

Baba alikuwa mvuvi wa mtumbwi. Aliondoka alfajiri moja ya Julai, kusi imekaza. Anayeijua pwani yetu anaijua miezi hiyo: kuanzia Juni hadi Agosti upepo hauna huruma, na wenye vyombo vidogo huvua ndani ya mwamba au hukaa nchi kavu wakatia nyavu viraka. Lakini mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea viumbe wa bahari, na karo ilikuwa haijatimia. Usiku wa kuamkia siku ile aliniuliza imebaki kiasi gani. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mungu atajalia." Alfajiri akatoka.

Mimi ndiye niliyemtajia kiasi. Neno hilo nililibeba miezi kumi na moja bila kumwambia mtu.

Mtumbwi ulionekana jioni ileile, umepinduka. Yeye alionekana siku ya tatu. Maji yalikuwa yamemwingiza horini, mizizi ya mikoko ikamzuia. Aliyemtoa ni Ami. Hawakuwa ndugu wa damu na baba, ila walikua pamoja na kuvua pamoja, na sisi watoto tangu kujua kusema tumemwita Ami. Alimfunika kwa tanga. Nilikuwa nimesimama pwani na wanawake. Niliona miguu. Basi.

Maalim alitwambia aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, na mama alilishika neno lile kwa mikono miwili. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na mwani wake ukaharibika baharini kwa kukosa mkono. Mama hulima mwani kama wanavyolima wanawake wa Kibuyuni: vigingi, kamba, na vipande vya mwani vinavyofungwa kimoja kimoja maji yakiwa yametoka. Majirani walituletea unga. Mjomba alilipa deni la dukani mara mbili, mara ya pili akauza mbuzi. Mimi niliahirisha masomo nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo woga ulipoanza. Mwanzo niliogopa bahari, na hilo kila mtu alilielewa. Kisha nikaogopa kisima. Kisha ndoo. Nilioga kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa sababu sauti ya maji mengi yakimwagika ilinikata pumzi. Watu walidhani nina huzuni, na huzuni ilikuwepo. Lakini hiki kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa na mikono.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeliona tangazo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zina idara zao za uvuvi, na mwaka ule kaunti ilikuwa inatafuta wanafunzi wa ikolojia ya bahari kwa mafunzo ya kazi, miezi mitatu, Juni hadi Agosti, kwa posho. Shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi. Kwa mwingine ni pesa ya vocha. Kwetu ilikuwa ni deni la duka, dawa ya presha ya mama, na sehemu ya karo ambayo baba aliifia. Niliandika barua. Kwenye mahojiano waliniuliza kama naweza kufanya kazi ndani ya maji. Nikasema naweza. Mama alikuwa amenisomea Yasini asubuhi ile, na mimi nikaenda kusema uongo. Mungu anisamehe.

Wiki za mwanzo zilinidanganya kwamba nimepona. Kazi ilikuwa kupima mikoko. Kenya ina zaidi ya hekta 60,000 za mikoko, nusu na zaidi ziko Lamu, na sisi wa kusini tuna vipande vyetu, kama kile cha Gazi ambako wanakijiji tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Kaunti ilitaka kujua hali ya mikoko ya upande wetu: imebaki mingapi, inakatwa wapi, ipandwe wapi. Ploti kumi na nne zilikuwa zimechorwa kwenye ramani, kila moja mita kumi kwa kumi, kutoka ukingo wa nchi kavu mpaka ukingo wa bahari.

Tulianza upande wa nchi kavu, kwenye mchu na mkandaa, mahali ambapo maji hufika siku chache tu za mwezi. Nilipenda kazi ile. Unafunga kamba pembe nne. Unashika futi ya kitambaa, ileile ya fundi cherehani, unazungusha shina kwenye urefu wa sentimita 130 kutoka ardhini. Ukifika kwenye mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi, hupimi hapo. Unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kila mti wenye unene wa kuanzia sentimita mbili na nusu unaandikwa. Kisha unapiga magoti na kuhesabu miche: iliyo chini ya sentimita 40, iliyo kati ya 40 na 150, na iliyovuka hapo. Vijana wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, waliokuwa wakituongoza hawakusema sentimita. Walitazama mti wakasema, "Huu fito, huu pau, huu boriti," na futi ikathibitisha. Nilicheka siku ile. Nakumbuka kwa sababu nilijisikia nikicheka, nikashtuka.

Kisha orodha ikafika ploti ya tisa. Niliitazama ramani. Ilikuwa ndani ya hori.

Sikumwambia mtu. Bamvua ni fupi. Maji hupwa kabisa mnamo saa nne ya asubuhi, na ikifika saa sita umeshaanza kuyasikia yakirudi. Kwa hiyo tuligawana. Wenzangu wawili walikwenda ploti ya kumi, mimi na kijana mmoja wa BMU tukaenda ya tisa. Tulipofika kwenye mkandaa wa mwisho, matope yakaanza kuwa laini, na mbele nikaona mizizi. Ile mizizi. Imeinama kama vidole.

Nilimwambia yule kijana akawasaidie wenzetu, mimi nitaweza. Akaenda. Nikajaribu hatua moja. Mguu ukazama hadi kwenye goti. Nikasikia maji, na maji hayakuwepo. Nikaona tanga. Nikaona miguu. Nilirudi nyuma kwa mikono na magoti hadi chini ya mkandaa, nikakaa pale nimekumbatia fomu.

Nikaijaza.

Nilibuni kila namba. Mkandaa kumi na mmoja, muia minne, mchu miwili. Nilibuni unene wake. Nilibuni hata miche, nikaandika kumi na tisa, nadhani kwa sababu ni umri niliokuwa nao baba alipokufa. Wenzangu waliporudi nikawaonyesha fomu imejaa, wakanisifu kwa haraka yangu.

Wiki iliyofuata ndiyo wiki ninayotaka uijue, kama uko ndani ya wiki kama hiyo. Sikulala. Chakula kilikuwa kama uzi mdomoni. Niliswali, lakini nikisujudu nasikia maji sakafuni. Nilikuwa nimemuua baba kwa kumtajia karo, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na sasa nimekwenda mpaka mlangoni mwa mahali alipolala siku tatu, nikashindwa hata kuingia, nikamwandikia miti ya uongo. Mawazo hayo yalizunguka. Hayakuchoka. Mimi ndiye niliyechoka.

Alhamisi afisa wa kaunti aliyetusimamia aliniita. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, ametembea mikoko hii tangu kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa na fomu yangu mezani. "Binti yangu," akasema, "ploti hii iko ukingoni mwa maji. Mkandaa umefikaje pale?"

Nilijua maana ya swali lake. Hata mtoto wa darasa la kwanza kijijini kwetu anajua. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa, unakutana na bahari uso kwa uso. Nyuma yake mkoko. Kisha muia, kisha mkandaa, na mchu unaoweza kukaa mbele na nyuma. Mkandaa haukai ukingoni. Maji ya kila siku huufisha.

"Sijui," nikasema.

Akaniangalia. "Tutazungumza kesho."

Usiku ule nilitoka. Mama alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Sikuvaa viatu. Sikuwa na mpango, naapa. Nilikuwa nataka kelele ikome. Kusi ilikuwa inavuma, minazi inapiga. Nikafika pwani. Maji yalikuwa yamejaa. Nikasimama mahali ambapo povu linafika. Likagusa vidole. Sikuondoka. Likagusa tena. Ilikuwa mara ya kwanza maji ya bahari kunigusa tangu baba, na sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka leo. Sikuogopa chochote.

Sijui nilisimama muda gani.

Kisha leso ikanifunika mabega. Mama alikuwa nyuma yangu. Hakuniita, hakupiga kelele, hakuniuliza nafanya nini. Baadaye aliniambia kwamba tangu nianze kuhesabu boriti, yeye alikuwa amehamisha mkeka wake hadi mlangoni. Kila usiku. Alinishika mkono tukarudi, na njiani alikuwa akisoma kwa sauti ndogo, neno moja kila hatua. Tulipofika nyumbani nilimwambia yote. Nilimwambia nilivyomtajia baba karo.

Mama alikaa. Akafuta uso. Akasema, "Mwanangu, aliniuliza mimi kabla yako. Nilimtajia kiasi kilekile."

Tulilia mpaka adhana.

Asubuhi nilikwenda ofisini kabla haijafunguliwa. Afisa alipofika nikamwambia hata hajaketi: sikufika ploti ya tisa, namba zote nimebuni, na pale ndipo alipotolewa baba yangu. Nilingoja anifukuze. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Umekula?" Sikuwa nimekula. Akaagiza chai na mahamri, akangoja nimalize mawili. Ndipo akachukua kalamu, akaandika juu ya fomu yangu, kwa herufi kubwa, HAIJAPIMWA.

Hakunikaripia, lakini hakuliacha lipite. Alinieleza kwamba kulingana na fomu zile miche ingepandwa. Mahali pengi watu hupanda mikoko kwa moyo safi na yote ikafa, kwa sababu mti wa nyuma umepelekwa mbele. Kwa ile fomu yangu, akina mama wa kikundi cha kupanda mikoko wangebeba miche ya mkandaa wakaizika kwenye maji ya mlilana, na mwaka mmoja baadaye pasingekuwa na kitu. Nilimwelewa. Kati ya hao akina mama mmoja ni mama yangu.

Akaniambia naweza kumpa mwenzangu ploti ile, na hakuna atakayeuliza. Au bamvua ijayo niende mwenyewe. Nichague. Lakini vyovyote nitakavyochagua, niende kwanza zahanati nikaonane na mshauri. Nilikwenda mara tatu. Yule dada alinifundisha jambo dogo ambalo nakupa na wewe: kitu kikija, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona mbele yako. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilitaja. Ukuta. Kalenda. Kikombe. Mkono wangu. Mlango. Na pumzi ikarudi. Ikiwa unasoma haya na usiku wako ni kama wangu, usione haya kwenda. Swala yangu haikupungua kwa kwenda zahanati. Iliongezeka, kwa sababu niliweza kusujudu tena.

Jioni moja Ami alikuja nyumbani. Mama alikuwa amemweleza. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akazungumza habari za upepo. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Mwanangu, mimi pia sijarudi pale. Nikipita na chombo huzunguka kwa nje." Mtu mzima wa miaka sitini. Aliyenifundisha kuogelea. "Bamvua ya mwezi mwandamo," akasema, "twende."

Asubuhi hiyo mama alinifunga leso kiunoni kwa mikono yake, kama mtoto. Akasema yeye atakuwa kwenye mwani wake, mbele ya mlango wa hori; nikitazama upande wa bahari nitamwona. Afisa alikuja mwenyewe, na wenzangu. Ami alikuwa na upondo begani. Niliutambua kabla hajafika. Ulikuwa na ufa uliofungwa kwa mshipi wa buluu, na fundo lile lilikuwa la baba. Alikuwa ameuhifadhi mwaka mzima bila kutuambia. Tuliupaka rangi nyekundu kwenye alama ya sentimita 130, ukawa ndio kipimo chetu.

Tulipovuka mkandaa wa mwisho miguu ilikataa. Ami alitangulia. Alichoma upondo matopeni, akapima kina, akaniambia, "Hapa." Nikakanyaga hapo. Akachoma tena. "Hapa." Nilimsikia akipumua kwa nguvu, nikajua naye anaogopa. Nilitaja vitu. Upondo. Kaa. Jani. Mgongo wa Ami. Leso yangu. Nilivitaja tena. Hatua thelathini na nne, nilizihesabu. Kwenye mlilana mmoja mkubwa alisimama, akauwekea mkono. Hakusema kitu na sikumuuliza. Tulinyanyua mikono sote, akasoma Fatiha, na afisa na wenzangu wakaitikia amin.

Kisha tukafunga kamba pembe nne.

Mlilana mitano. Mkoko tisa. Mchu mmoja, mwembamba, fito. Hakuna mkandaa hata mmoja. Niliuzungushia futi kila mti, hata ule mkubwa. Ulikuwa na mzingo wa sentimita 94, na gome lake lilikuwa na joto la jua. Nilipiga magoti kuhesabu miche. Tunda la mkoko huota likiwa bado mtini, likaning'inia kama rungu dogo la kijani, kisha huanguka, maji yakalichukua mpaka lipate matope ya kulishika. Pale kati ya mizizi yalikuwa yameshikwa mengi. Chini ya sentimita 40 nilihesabu sitini na tatu. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza machozi yalikuwa yanaingia kwenye fomu.

Nilipoinua kichwa nilimwona mama kwenye mwani, maji yanamfika magotini, amesimama wima, anatazama upande wetu. Ami alipunga upondo. Mama akarudi kuinama kwenye kamba zake. Ilikuwa karibu saa sita, maji yameanza kuingia kwenye vijito, yanachezacheza tu. Tulitoka bila kukimbia.

Agosti iliisha. Posho ya mwisho ilikwenda kwenye karo, nikarudi chuoni Septemba. Nimemaliza, namshukuru Mungu, namshukuru mama, Ami, mjomba na mbuzi wake, na yule afisa aliyeniuliza kama nimekula. Miche iliyopandwa mlangoni mwa hori ni ya mlilana na mkoko, na mwaka jana nilipokwenda kuipima tena baadhi yake ilinifika kifuani. Bado nahesabu hatua nikiingia. Bado ni thelathini na nne.

Na bado kusi ikivuma usiku mimi huamka. Juzi ilivuma sana. Niliisikia minazi, nikakaa kitandani, nikataja vitu vitano gizani, vikaniishia kwa kuwa sioni. Nikatoka nikaenda chumbani kwa mama. Hakuuliza. Alisogea ukutani, akanipisha upande wa mlango, tukalala.